Waliniombea Wote, Hakuna Aliyeniuliza

Tangu nianze kutumia kiti cha magurudumu sijawahi kukosa mtu wa kuniombea. Watu wananisimamisha njiani. Wananiwekea mikono kichwani kabla hawajanisalimu. Mmoja alinishika magoti ndani ya lifti akaanza kuiamuru miguu yangu isimame, milango ikawa inafunguka na kujifunga, na ghorofa niliyokuwa nakwenda ikapita nikiiona. Sisemi haya kwa dharau. Mimi ni mtu wa sala, na kazi yangu leo ni kuwahudumia wagonjwa kiroho hospitalini. Ila katika kuombewa kote huko nimejifunza kwamba kuombewa ni jambo moja na kuulizwa ni jingine. Wagonjwa wengi, na watu wenye ulemavu zaidi ya wote, la kwanza wanalipata mpaka linawachosha, la pili hawalionji.

Nililazwa baada ya ajali ya gari iliyonivunja uti wa mgongo. Mwili wangu ulipata wataalamu wa kila namna: daktari wa upasuaji, muuguzi wa vidonda, mtaalamu wa viungo, mtu wa mambo ya mkojo. Kila asubuhi niliulizwa maumivu yamefika namba gani, kati ya sifuri na kumi. Nilijibu kwa uaminifu. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa na namba. Rafiki yangu aliyekaa kiti cha mbele alikufa, mimi wa nyuma nikabaki, na kila taa za wodi zilipopunguzwa nilianza hesabu ileile: nimebakizwa kwa ajili gani, na deni hili nitamlipa nani? Nikaandikiwa dawa ya usingizi. Ilifanya kazi yake vizuri, nikalala, nikaamka na swali langu likiwa pale pale limenisubiri.

Wageni wa dini walikuja, tena kwa makundi. Walisimama upande wa miguu ya kitanda, wakaniambia Mungu ana makusudi yake, wakaniambia imani yangu ikikamilika nitanyanyuka. Kisha wakatazama saa. Katika habari za Ayubu watu hupenda kuwalaumu wale rafiki zake watatu, wanasahau kwamba walianza vizuri sana: walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, wala hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Wageni wangu waliziruka zile siku 7 wakaanzia kwenye mahubiri.

Aliyenitoa kwenye ile hesabu ni mama mmoja aliyekuwa akisafisha wodi. Siku hiyo alikuwa anapiga deki chini ya kitanda changu, akasimama, akaegemea fimbo ya deki, akaniambia binti yake ametoroka nyumbani na hajulikani aliko. "Naomba uniombee, baba," akasema. "Wewe una muda."

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Nilimuuliza jina la binti na umri wake, na waligombania nini. Usiku ule nilikuwa na kazi. Kwa mara ya kwanza tangu ajali mtu aliniona kama mwenye kitu cha kutoa, siyo shimo la kutiwa maombi. Binti alirudi baadaye, kwa sababu zake mwenyewe, nami sijidai kwa hilo hata kidogo. Ninachojua ni kwamba yule mama alinipa tiba ambayo haikuandikwa popote kwenye faili langu, na alinipa kwa kuniomba msaada.

Nilipokwenda kusomea kazi hii nilikuta wengine walikwisha kuligundua hilo zamani. Cicely Saunders wa Uingereza alianza kama muuguzi, akawa mhudumu wa ustawi wa jamii hospitalini, mwishowe akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua nyumba ya St Christopher's jijini London kwa ajili ya watu wanaokaribia kufa. Yeye alizungumzia maumivu ya mtu mzima: ya mwili, ya moyo, ya familia na mahusiano, na ya roho, yote yakiwa yamesukwa pamoja kiasi kwamba huwezi kung'oa moja ukayaacha mengine. Nilipousoma mchanganuo huo nilikitambua kitanda changu.

Mwalimu wetu naye hakuchoka kumtaja Anton Boisen, mchungaji wa Marekani aliyelazwa mwaka 1920 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alipotoka hakukimbia. Mwaka 1924 alirudi kwenye mazingira hayohayo, sasa akiwa mchungaji wa hospitali ya Worcester, Massachusetts, na mwaka uliofuata akaanza kupokea wanafunzi wa theolojia waje wajifunze wodini. Aliwaambia wawasome wagonjwa kwa uangalifu uleule wanaousomea vitabu. Mafunzo ya wahudumu wa kiroho wa hospitali katika nchi nyingi yametokana na darasa lile. Wenzangu walivutiwa na mbinu zake. Mimi nilivutiwa na jambo moja tu, kwamba mwalimu wa kwanza alikuwa mgonjwa.

Sasa, kuuliza kwenyewe kunakuwaje? Si kumkalia mtu kitandani na kumhoji kuhusu wokovu wake. Daktari Christina Puchalski na wenzake, mwaka 1996, walipanga maswali machache ambayo daktari au muuguzi yeyote anaweza kuyauliza ndani ya dakika chache: una imani au jambo gani linalokupa nguvu ya kuendelea? Lina uzito gani katika maisha yako, na linagusaje uamuzi wako kuhusu matibabu? Kuna watu unaoshirikiana nao katika hilo? Na ungependa sisi hapa hospitalini tulishughulikieje? Mimi naanza na lile la mwisho, kwa sababu linampa mgonjwa usukani. Kuna aliyenijibu, "Ningependa mniache." Nikamwacha. Siku ya pili akaniita mwenyewe anieleze kwa nini.

Mzee mmoja aliniambia hana dini na nisipoteze muda wangu kwake. Nikamuuliza muda wake yeye anaupotezea wapi. Alinieleza kuhusu nyota: ramani za anga alizokuwa akichora tangu ujana, na jinsi kitanda chake kilivyogeuziwa ukutani asione dirisha. Nilikwenda kwa muuguzi wa zamu tukakigeuza kitanda. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba nimetoa huduma ya kiroho, na sijaona sababu ya kufuta.

Wapo wanaodhani haya ni mapambo ya tiba, yaje baada ya kila kitu kingine kupatikana. Nawaelewa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu wanaohitaji tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso ya wenye maradhi mazito, ulimwenguni ni asilimia 14 tu wanaoipata, na pale ambapo hata mofini, ile dawa ya maumivu makali, haipo, kuzungumzia roho kunaweza kusikika kama kejeli. Msimamo wangu ni huu: mofini kwanza. Mtu anayeumwa na kansa ya mifupa hawezi kusali, hawezi hata kulaani sawasawa. Mtulize mwili, kisha kaa naye. Lakini usimtulize mwili ukaondoka. Na kuna nyakati ambapo kutouliza kunaharibu tiba yenyewe. Mama mmoja mwenye kisukari alikuwa akishuka sukari hadi kupoteza fahamu, madaktari wakabadilisha vipimo vya insulini mara kwa mara bila kupata jawabu. Alikuwa amefunga Ramadhani kwa siri, chakula cha mchana akikigawa kwa jirani yake wa kitanda, na hakusema kwa kuwa aliogopa kukaripiwa. Kurani inamruhusu mgonjwa asifunge, alipe siku nyingine, na alijua. Alichohitaji ni mtu wa dini yake wa kumwambia kwamba ruhusa hiyo si ya watu dhaifu wa imani.

Shehe tunayefanya naye kazi ndiye aliyemwambia. Nimejifunza kwake mengi kuliko kwa walimu wangu. Kulikuwa na kijana aliyepooza kama mimi, mwenye mpira wa mkojo, aliyeacha kusali kwa muda mrefu. Wauguzi walimwona ana sonona. Alikuwa nayo kweli, ila chini yake kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikia: aliamini kwamba mfuko ule wa mkojo uliofungwa kitandani umemfanya najisi daima, kwamba hana tena haki ya kusimama mbele ya Mungu, na kusimama kwenyewe hawezi. Shehe alivuta kiti akamweleza taratibu, kama anavyoeleza kanuni nyingine yoyote ya fikihi, yaani sheria za ibada, kwamba mwenye udhuru wa kudumu hutia udhu wakati wa sala unapoingia, akasali, na kinachotoka bila hiari yake hakibatilishi. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, na asiyeweza hata hivyo huashiria. Maji yakimdhuru atatayamamu, yaani atajitwaharisha kwa udongo safi. Kijana akauliza, "Na kibla?" Tukakigeuza kitanda kwa kadiri ya nafasi iliyokuwapo. Hakuna muujiza uliotokea. Alianza kusali, akaanza pia kukubali mazoezi ya mikono aliyokuwa akiyakataa, kwa kuwa alitaka kujitayamamu mwenyewe.

Naeleza kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo wengi wetu tunapopoteza njia. Tunafikiri mahitaji ya kiroho ni maneno matamu. Mara nyingi ni jambo la kiufundi kabisa: upande wa kitanda, maji, saa, faragha ya pazia, mtu wa kukuelekeza sheria ya dini yako mwenyewe. Mgonjwa kiziwi aliyetaka kuungama hakuhitaji kufarijiwa, alihitaji mkalimani wa lugha ya alama asiye dada yake. Nilimhakikishia kwamba kanuni za Kanisa Katoliki zinaruhusu kuungama kupitia mkalimani, na zinamfunga mkalimani kutunza siri. Bibi mwingine alipiga kelele alipomwona padre mlangoni na chupa ndogo ya mafuta, akidhani madaktari wamemficha kwamba anakufa. Alikulia enzi za Mpako wa Mwisho, mafuta aliyopakwa mtu anayekaribia kufa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulikwisha kusema mwaka 1963 kwamba jina linalofaa ni Mpako wa Wagonjwa, na mwaka 1972 Papa Paulo VI akatoa utaratibu mpya, lakini habari hizo hazikuwahi kufika kwenye kitanda cha bibi yule. Siku hizi padre hutuma mtu kwanza kuuliza kama anakaribishwa.

Na hilo la kuuliza kama unakaribishwa ndilo ninalolipigania kuliko yote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, katika ibara yake ya 25 unawataka wahudumu wa afya watupe huduma ya ubora uleule wanaowapa wengine, kwa ridhaa yetu ya hiari baada ya kupewa maelezo. Daktari haruhusiwi kunichoma sindano kabla sijakubali. Basi mtu mwingine aniwekee mikono kichwani, afumbe macho, aanze kumkemea pepo wa kupooza mbele ya wodi nzima, kwa ridhaa ya nani? Nimeshuhudia msichana asiyeona akizungukwa na watu watano ambao hawakujitambulisha. Alisikia sauti tu, na mikono ikimshika kutoka kila upande. Alikuwa amekuja kutibiwa jino.

Kuna hatari zaidi ya fedheha. Wazazi wa mtoto mwenye kifafa waliambiwa wadhihirishe imani yao kwa kuacha vidonge. Dawa za kifafa zikikatizwa ghafla degedege linaweza kurudi kwa nguvu, likafululiza bila kukoma, na mtoto akafa. Mtoto huyu alipona baada ya kukaa chumba cha wagonjwa mahututi. Aliyewashauri hakuonekana hospitalini. Mimi ndiye niliyekaa na baba yake, na swali lake halikuwa kuhusu dawa. Aliuliza ni nani aliyetenda dhambi kati yake na mkewe. Swali la kale sana: wanafunzi walimuuliza Yesu hivyohivyo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, naye akawajibu kwamba si huyo wala wazazi wake. Nilimsomea. Akaniomba nisome tena. Kisha akaniomba nikamsomee mkewe, kwa sababu, alisema, mama yake mzazi amekuwa akimsema mkewe tangu mtoto azaliwe.

Sasa nizungumzie jambo ambalo limenielemea kuliko mengine.

Tulimpokea kijana mmoja mwenye sindromu ya Down, ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao. Aliletwa kwa ukorofi, ndivyo ilivyoandikwa. Alikuwa anavunja vyombo, anakataa kula, anakaa mlangoni saa za jioni na mtu akimwondoa anapiga. Alikuwa ameanza kupewa dawa za kumtuliza. Nilimuuliza mjomba wake kama kuna kilichobadilika nyumbani. Hakuna, akasema. Nikauliza ni nani anayeishi naye. Hapo akashusha sauti, akaniambia baba wa kijana alifariki, lakini kijana hajaambiwa, "kwa sababu hawezi kuelewa." Siku ya mazishi alipelekwa kwa majirani. Aliambiwa baba amesafiri.

Baba alikuwa na desturi ya kurudi kutoka kazini jioni. Ndiyo maana ya mlango.

Familia haikuwa na ubaya. Walitaka kumkinga. Lakini walikuwa wamemkinga na ukweli peke yake, uchungu wenyewe aliupata wote, tena bila jina na bila mtu wa kulia naye. Tulikaa na mjomba, na muuguzi wa afya ya akili, na shangazi ambaye kijana anampenda. Tulikubaliana shangazi ndiye atakayesema, na atatumia neno "amekufa", siyo amelala, siyo amesafiri, siyo amechukuliwa na Mungu. Watu wenye ulemavu wa akili wengi wao hushika maneno kama yalivyo. Ukimwambia baba amelala atasubiri aamke, na ukimwambia Mungu amemchukua anaweza kumwogopa Mungu huyo mnyang'anyi. Shangazi alisema: baba amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hatarudi, tumemzika, sisi sote tunalia. Kijana alimtazama muda mrefu. Akauliza, "Viatu vyake?"

Hatukujua anamaanisha nini. Baadaye tulielewa kwamba viatu vya baba vilikuwa bado mlangoni, na kwake yeye mtu aliyesafiri huvaa viatu. Alikuwa amegundua uongo wetu kwa ushahidi ambao sisi wenye akili timamu tuliupita kila siku.

Alipelekwa kaburini na viatu vile. Alilia, akapiga udongo kwa mikono, akaimba kipande cha wimbo wa ibada ambacho baba yake alikuwa akimwimbia. Usiniulize kama aliacha kukaa mlangoni, maana hakuacha mara moja, na ukorofi haukwisha wote. Daktari alipunguza dawa. Shangazi alianza kukaa naye pale mlangoni jioni. Na kanisani kwao, mchungaji alimwomba awe anapokea watu kwenye lango la Jumapili, kazi ambayo anaifanya kwa ukali kidogo lakini hakosi.

Wimbo ule ulinikumbusha kitu ninachokiona mara nyingi kwa waliopatwa na kiharusi au wanaosahau kwa uzee. Mtu amepoteza maneno kabisa, hawezi kutaja jina la mke wake, lakini ukianza sala aliyoijua tangu utotoni anaimalizia, au wimbo anauimba na beti zake. Maneno tuliyoyarudia maisha yote, na nyimbo hasa, hayategemei sehemu zilezile za ubongo zinazotunga sentensi mpya, na wataalamu wa tiba ya usemi tangu miaka ya 1970 wametumia uimbaji kuwasaidia wagonjwa wa namna hiyo. Kwa hiyo usiseme "hayupo tena" mbele ya mtu asiyejibu. Anza kitu anachokijua, kisha nyamaza umpe nafasi.

Nikiwa na wanafunzi huwa nawarudisha kwenye kazi ya yule mpokea watu langoni, kwa sababu wengi wao wanadhani kilele cha huduma ni kumfariji mlemavu. Nawauliza: mmempa kazi gani? Mtume Muhammad alikuwa na sahaba asiyeona, Abdullah bin Umm Maktum. Aya za mwanzo za sura ya Abasa katika Kurani zilishuka kwa ajili yake, na ni yeye aliyefanywa mwadhini wa alfajiri Madina. Katika Ramadhani watu walikula mpaka waisikie adhana yake. Mtu asiyeona alfajiri ndiye aliyeitangaza! Aliwategemea wenzake wamwambie kumekucha, kisha yeye akawaambia wote. Mtume aliposafiri alimwacha aongoze sala. Musa naye aliposema ulimi wake ni mzito hakupewa ulimi mwepesi, alipewa Haruni wa kumsemea, na kazi ikabaki kuwa ya Musa. Kila ninapoomba mkalimani au njia ya mteremko nikaonekana mtu wa madai mengi, huwa namkumbuka Haruni.

Taasisi za dini zenyewe hazikufuata mifano hiyo kila mara. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1917 iliweka kasoro za mwili miongoni mwa vizuizi vya upadre, na kizuizi hicho kiliondolewa katika sheria mpya ya 1983. Hata hivyo mwaka 1970 alikwisha kupadrishwa Cyril Axelrod wa Afrika Kusini, aliyezaliwa kiziwi katika familia ya Kiyahudi. Baadaye alipoteza na macho, akaendelea na utume wake kwa lugha ya alama ya kuguswa mikononi. Nimekutana na majengo mengi ya ibada yenye njia ya viti vya magurudumu mlangoni, machache sana yenye njia ya kupanda mimbarini. Huo ndio ukweli wa mambo: tumetengenezewa njia ya kuingia tukae, basi.

Wafanyakazi wa afya nitawagusa kidogo tu, ingawa wanastahili zaidi. Muuguzi aliyepoteza wagonjwa wawili katika zamu moja hana mahali pa kulipeleka hilo, anakwenda kufunga mirija ya wa tatu. Saa zangu nyingi za kazi zinaishia kwenye chumba chao cha kupumzikia, tukinyamaza pamoja.

Juzijuzi tulikuwa na dada mwenye mtindio wa ubongo, mtu mzima, asiyeweza kusema wala kutumia mikono. Alilazwa kwa homa ya mapafu. Faili lilisema hakuna mawasiliano. Mtaalamu wa tiba ya usemi alikaa naye asubuhi nzima akagundua kwamba ana mawasiliano mazuri tu: akikubali anatazama juu, akikataa anafumba macho. Mama yake alijua siku zote, hakuna aliyemuuliza mama. Tulimuuliza dada kama anataka tumwombee. Akafumba macho, akayabana kabisa, mama akacheka kwa mshangao. Nikamuuliza kama anataka kuomba yeye. Akatazama juu.

Ikabidi tuutazame upya ubao wa picha wa wodi, ule ambao mgonjwa asiyeweza kusema huchagulia anachotaka kusema. Ulikuwa na choo, maji, maumivu, baridi, televisheni, muuguzi. Haukuwa na asante wala samahani. Haukuwa na kifo. Tulikaa mimi, shehe, mama na mtaalamu yule tukaanza kuongeza, na tukakwama kwenye picha ya Mungu. Mimi nilipendekeza mwanga. Shehe akasema Mungu hachorwi, na dada mwenyewe akatazama juu, yaani anakubaliana na shehe. Tukakata kadi nyeupe isiyo na kitu tukaibandika kwenye kona ya juu kulia. Kisha mtaalamu akawa anapitisha kidole kwenye kadi moja moja ili dada achague ziwekwe wapi. Kadi ya hasira alikataa isiwekwe karibu na maumivu, ambako sisi tuliipangia. Akaendelea kufumba macho kila tulipoisogeza, mpaka ilipogusana na ile nyeupe.